Salim na Ban: Hodi Mbili kwa Mlango Mmoja

Kurasini, wilayani Temeke, ni mtaa wa malori na makontena. Katikati ya vumbi na honi zake kipo Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ubia wa Tanzania na Msumbiji, na leo kinabeba jina la mwanadiplomasia wetu, Dkt. Salim Ahmed Salim. Kurasini hiyohiyo Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliwahi kuendesha Taasisi ya Msumbiji, vijana waliokimbia utawala wa Wareno wakisomeshwa humo. Jina na mahali vimelandana kweli. Diplomasia ya Salim ilikulia jirani na wakimbizi wa namna hiyo.

Kila ninaposoma habari za Ban Ki-moon wa Korea Kusini, fikra hunirudisha kwa Salim. Salim alizaliwa Zanzibar Januari 1942, Ban akazaliwa Eumseong Juni 1944. Kila mmoja alitumikia nchi yake New Delhi akiwa kijana, na kila mmoja akawa waziri wa mambo ya nje: Salim 1980 hadi 1984, Ban 2004 hadi 2006. Wote wawili waliutaka ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Akaupata Ban.

Ban alikuwa mtoto wa vita. Mapigano ya 1950 yaliikimbiza familia yake milimani, na majeshi yaliyokuja kuiokoa nchi yao yalipeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa. Kwake umoja huo ulikuwa mfadhili kabla ya kuwa mwajiri. Alipanda ngazi za wizara ya mambo ya nje, moja baada ya nyingine, kwa zaidi ya miaka 30, na waandishi wa habari wa Seoul wakamfananisha na mkunga, samaki yule anayeteleza mkononi, kwa jinsi maswali yao yalivyoshindwa kumnasa. Nadhani tunakosea tukiona humo woga tu. Nchi iliyobanwa kati ya China, Japani na ndugu wa Kaskazini wenye silaha, huku ikilindwa na Marekani, huwafundisha mabalozi wake kupima neno. Mwaka 2001 tamko la pamoja na Urusi lilipitishwa likiwa na sentensi iliyounga mkono mkataba wa makombora ambao Washington ilitaka kuuacha. Ban, wakati huo naibu waziri, alipoteza kazi.

Salim hakupandishwa ngazi, alirushwa juu. Mapinduzi ya 1964 yalimtoa Zanzibar akiwa na miaka 22 na kumfikisha Cairo akiwa balozi. Tangu 1970 alikaa New York miaka kumi, mingi akiongoza kamati ya kuondoa ukoloni. Umoja wa Mataifa aliouona yeye ulikuwa baraza ambamo wasio na kiti walihitaji msemaji. Tarehe 25 Oktoba 1971, Beijing ilipopewa kiti cha China, inasimuliwa kwamba Salim alicheza ukumbini kwa furaha. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku hiyo aliitwa George Bush. Miaka kumi baadaye Salim aligombea ukatibu mkuu, na Bush alikuwa makamu wa rais. Marekani ikamzuia Salim kwa kura ya turufu. China ikamzuia Kurt Waldheim mara 16. Wote wawili wakakaa pembeni, akapita Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Linganisha na Oktoba 2006. Katika kura ya mwisho ya majaribio, wajumbe 14 wa Baraza la Usalama walimkubali Ban, mmoja hakuwa na kauli, hakuna aliyempinga.

Sisi tuna mshenga na tuna mtetezi. Mshenga hubeba maneno ya pande mbili bila kuongeza lake, na akikubalika kotekote kazi yake imekwenda. Mtetezi huingia barazani na upande wake. Wakubwa wa dunia huchagua washenga, nami siwashangai. Lakini simtaki Salim mwingine, yule ambaye angekaa kimya mwaka 1971 ili apite 1981. Agosti 1980 Zimbabwe ilipokelewa kuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa, Salim akiwa amekalia kiti cha urais wa Baraza Kuu. Siku kama hiyo haikuletwa na watu waliokuwa wakilinda nafasi zao.

Hata hivyo, Rwanda iliteketea mwaka 1994 Salim akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Na ushenga wa Ban haukuwafaa raia wa Sri Lanka mwaka 2009: tathmini ya Umoja wa Mataifa wenyewe ilikiri kwamba walitupwa.

Nyumbani nako hapakuwa laini. Mwaka 2005 Salim aliomba CCM imteue kugombea urais, akanyooshewa vidole kwa asili yake ya Kiarabu, jambo ambalo bado linaniuma, na Jakaya Kikwete akamshinda. Ban alirudi Seoul Januari 2017 akitajwa kuwania urais. Wiki tatu zikatosha kumwondoa.

Januari 2007, mwezi wake wa kwanza kazini, Ban alimteua Asha-Rose Migiro kuwa naibu wake. Mwalimu huyo wa sheria wa Mlimani alikuwa waziri wetu wa mambo ya nje. Leo mkopo wa Korea umetujengea Daraja la Tanzanite, linalovuka bahari kutoka Aga Khan na kushukia upande wa Coco Beach, Kinondoni. Hapo ni Oysterbay, mtaa ambao Februari 1969 bomu la kifurushi lilimuua Eduardo Mondlane, kiongozi wa Frelimo ileile ya Kurasini.