Kadi ya rangi iliyolinda mchezo wa ordinateri

Kijana mmoja wa kambini alituuliza kwa nini mchezo wa simu unamuomba namba ya siri kabla ya kufunguka. Jambo hilo ni la zamani.

Miaka ya 1980, kule Uingereza, michezo ya ordinateri iliuzwa kwenye kaseti, zile zile za muziki. Mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kumpigia jirani kopi jioni moja. Mwaka 1984 kampuni ya Software Projects ilitoa Jet Set Willy, mchezo wa Matthew Smith, kwa ordinateri ya ZX Spectrum. Ndani ya boksi waliweka kadi yenye rangi nyingi. Ordinateri ilitaja sehemu moja ya kadi, na mchezaji alipaswa kujibu ni rangi gani ziko pale. Walichagua rangi kwa sababu fotokopi za kawaida zilitoa nyeusi na nyeupe tu. Lakini mwenye kalamu za rangi na uvumilivu aliweza kuinakili, na gazeti moja la ordinateri likachapisha njia ya kuikwepa.

Baadaye ikaja Lenslok, kipande cha plastiki cha kuweka mbele ya televisheni ili herufi zilizovurugwa zisomeke. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Televisheni ikiwa kubwa mno au ndogo mno, haikufanya kazi. Mchezo wa Elite ulipotoka kwa Spectrum, wanunuzi wengine walikuta kwenye boksi kipande kisicho cha mchezo huo. Mtu amelipa pesa yake, na mlango umefungwa!

SimCity ya 1989 ilikuja na karatasi nyekundu iliyoshinda fotokopi. The Secret of Monkey Island ya 1990 ilikuwa na gurudumu la karatasi: unalizungusha hadi sura ya haramia ilingane na ile ya kwenye ekrani, kisha unaandika mwaka unaouona.

Aliyepoteza karatasi alibaki nje, hata kama alinunua kihalali. Ninyi mliopoteza jetoni njiani mkikimbia, mkarudishwa kwenye mstari wa chakula huku jina lenu liko kwenye liste, hamhitaji kuelezwa. Mwenye kopi ya wizi, iliyovunjwa kufuli, alicheza bila kuulizwa kitu.

Leo kadi nyingi zimepotea au rangi zimefifia. Wanaohifadhi michezo hiyo mara nyingi wanaifungua kwa kutumia zile kopi za wizi.