Popo wa Pemba na Makaburi ya Wazee

Mtu wa kwetu Rujewa akitajiwa popo huwaza wale wadogo wa kwenye dari za madarasa, wanaotoka jioni kufuata wadudu juu ya majaruba ya mpunga. Nami nilikuwa hivyo hadi nilipofuatana na watafiti kwenda Pemba, kazi yangu ikiwa kubeba darubini na kuandika hesabu. Popo wa Pemba akikunjua mabawa anafika kama mita moja na nusu, na chakula chake ni maembe, mashelisheli na tini za porini.

Jamaa zake wako Komoro, Madagaska na Asia. Yeye hapatikani pengine popote duniani ila Pemba, hata Tanga ng'ambo ya mkondo hayupo. Mjerumani Paul Matschie alimwandika kisayansi mwaka 1909 na kumpa jina la Alfred Voeltzkow, mtaalamu mwenzake aliyefika kisiwani. Wenyeji walikuwa wakimjua, wakimwinda na kumla miaka mingi kabla ya hapo.

Kilichombana ni karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika, na tangu hapo kisiwa hiki kikawa ndicho shamba kuu. Msitu ukafyekwa, Ngezi, kule kaskazini, ni sehemu ya ule uliobaki. Popo wakajazana kwenye miti michache ambayo kila mwindaji aliijua. Bunduki ilipoingia, mtu alisimama chini ya mti mchana, wamelala, akafyatua. Na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka.

Walipona wapi? Baadhi yao makaburini. Wapemba hawakati ovyo miti iliyoota juu ya wazee wao, nayo ikarefuka na kutanda. Hakuna aliyeiacha kwa ajili ya popo. Iliachwa kwa heshima ya waliolala chini yake. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika historia hii. Kabla hajaja mtaalamu yeyote na sheria yoyote, adabu kwa wafu ilikuwa imekwisha kuhifadhi kiumbe kizima.

Mwaka 1995 Abigail Entwistle na Nadia Corp, watafiti kutoka Uingereza, walizunguka kisiwa kuwahesabu na kuuliza wanakula nini. Ni mwaka uleule hofu ya popobawa ilipotanda visiwani, watu wakalala nje ya nyumba zao kwa kuogopa jini mwenye jina la popo. Katika miaka hiyo, shirika la Fauna & Flora International na idara ya misitu ya Zanzibar walishirikiana na wanavijiji, zikaanzishwa klabu za kulinda popo. Kidike, karibu na Ole, wanakijiji wakaanza kupokea wageni kwa kiingilio.

Hesabu yenyewe ni kazi ya jioni. Mnauzunguka mti, kila mmoja anashika upande wake wa anga, na popo wakianza kutoka wakati wa magharibi hutakiwi kupepesa jicho. Anayeuliza swali wakati huo anawapotezea wenzake hesabu nzima. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizoonyesha, mwaka 2007, kwamba popo wamefika takriban 20,000, kutoka elfu chache za miaka ya mwanzo ya 1990. Mwaka 1996 walikuwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka; mwaka 2008 wakashushwa ngazi mbili za hatari. Ni wanyama wachache Afrika Mashariki wenye habari njema kama hiyo.

Ukijaliwa kufika Kidike, lipa kiingilio kwa moyo mkunjufu. Na akitokea mtu wa kutaka kupiga makofi ili popo waruke upate picha nzuri, mkatalie. Mchana ni wakati wao wa kulala, na majike wengine wamekumbatia watoto.