Kitovu Kiachwe Kikauke

Mswahili akitaka kujua asili ya mtu, huuliza kitovu chake kimezikwa wapi. Penye mnazi ule, nyuma ya nyumba ya babu, pale kilipofukiwa kipande kikavu kisichozidi ncha ya kidole, ndipo kwao. Kitu chenye uzito huo hakiachwi hivi hivi. Tangu mtoto azaliwe mpaka kidondoke, kwa kawaida siku 5 hadi 15, kila nyumba ilikuwa na dawa yake: mafuta ya nazi, majivu, poda, wanja, maziwa ya mama, mate ya bibi. Kwa wafugaji, hata samadi. Na kama mtoto ni wa kiume, kuna mwiko ambao hadi leo wauguzi wa wodi za wazazi wanausikia: kitovu kisidondokee uume, asije akawa mgumba.

Hofu ya kitovu haikutoka hewani. Mtoto aliyezaliwa mzima, ananyonya vizuri, kufika wiki ya kwanza taya linakaza, haachii tena titi, mwili unakakamaa, anakufa. Ni pepopunda, ambayo vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha mifugo, na hupenya pale pale palipokatwa. Wala haukuwa ugonjwa wa Afrika peke yake. Katika kisiwa cha St Kilda, mbali huko baharini magharibi mwa Uskoti, watoto wachanga wa karne ya 19 walikuwa wakifa hivyo hivyo mmoja baada ya mwingine, hadi mchungaji Angus Fiddes alipokwenda Glasgow kujifunza usafi wa uzazi na kuurudisha kisiwani katika miaka ya 1890.

Basi hospitali zilipofika zilikuja na chupa. Spiriti, ayodini, ile dawa ya zambarau inayochafua shuka zote: muuguzi alichovya pamba, akazungusha kwenye kitovu asubuhi na jioni, akamfundisha mama afanye vivyo hivyo nyumbani. Vizazi vya wauguzi vilifunzwa hivyo na vikafunza hivyo. Ukiuliza kwa nini, jibu lilikuwa kwamba ndivyo ilivyo kwenye daftari la mwalimu. Kwa maneno mengine, hospitali nayo ilikuwa na majivu yake.

Swali la uthibitisho lilichelewa kuulizwa. Daktari Mskoti Archie Cochrane aliliuliza kwa jumla mwaka 1972 katika kitabu kilichowakera madaktari wengi: kati ya tunayowafanyia wagonjwa, ni yapi yamejaribiwa kwa haki, kundi moja likipewa na jingine likinyimwa kwa kura? Kitovu kilipofikishwa kwenye mizani hiyo, matokeo yaliwaaibisha wenye chupa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2004 chini ya jina la Cochrane yalikusanya tafiti 21 zenye watoto 8,959, wengi wa nchi tajiri. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekufa, wa spiriti wala wa mikono mitupu. Tofauti iliyoonekana ni kwamba vilivyopakwa dawa vilichelewa kudondoka. Kudondoka kwenyewe ni kazi ya chembe nyeupe za damu na vijidudu vinavyokaa hapo bila madhara; ukiviua, kazi inasimama. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatamka mwaka 1998: safi, kikavu, basi.

Lakini watoto wa nchi tajiri wanazaliwa kwenye shuka safi. Wa Sarlahi, wilaya ya nyanda za chini za Nepal, walizaliwa nyumbani karibu wote, na huko mafuta ya haradali ndiyo mafuta ya nazi yao. Watafiti waligawa watoto 15,123 katika makundi matatu: dawa ya kuua vijidudu iitwayo klorheksidini, sabuni na maji, na kuacha kikavu. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Sabuni haikusaidia kitu. Klorheksidini ilipunguza maambukizi makali ya kitovu kwa asilimia 75, na kwa watoto walioanza kupakwa ndani ya saa 24 vifo vilipungua kwa asilimia 34. Serikali ya Nepal haikungoja sana. Ikasambaza jeli iitwayo Navi Malam, yaani marhamu ya kitovu. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo la pili: ni marhamu ile ile, imesafiri kutoka Uarabuni kwa njia nyingine.

Mwaka 2012 zikafuata tafiti za Sylhet ya Bangladesh na Dadu ya Pakistani, nazo zikaleta habari njema. Ya Sylhet ilikuwa na kitendawili ambacho kilistahili kuwafanya watu wakune kichwa zaidi: waliosafishwa mara moja tu walinufaika wazi, waliosafishwa siku saba mfululizo hawakuonyesha nafuu ya uhakika. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likapendekeza klorheksidini kwa wanaozaliwa nyumbani katika maeneo ambako vifo vya wachanga vinafika 30 au zaidi kwa kila 1,000.

Wakati huo Pemba ilikuwa inahesabu. Kisiwa cha karafuu si kigeni kwa majaribio: ni huko ilikogundulika, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, kwamba vidonge vya madini ya chuma kwa watoto wadogo wote, jambo lililoonekana jema kabisa, viliongeza hatari ya kulazwa na kufa penye malaria nyingi. Safari hii, kuanzia 2011, watoto 36,911 waliandikishwa, karibu nusu wakipakwa klorheksidini, wengine wakiachwa wakavu. Majibu yakatoka 2016: vifo 10.5 kwa kila 1,000 upande wa dawa, 11.7 upande wa kikavu, tofauti ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta. Kusini mwa Zambia, kwa watoto 37,856, upande wa dawa haukuwa na nafuu yoyote.

Je, Nepal walikosea? Hapana. Dawa ilipambana na uchafu wa Sarlahi. Pemba vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo, na Zambia watoto wengi walizaliwa vituoni. Ushahidi una kwao, kama mtu na kitovu chake.

Kisha kukatokea jambo ambalo hakuna jedwali la utafiti lililoliona. Mtoto akizaliwa hupakwa marhamu ya tetrasaiklini machoni. Tyubu ya klorheksidini nayo ni tyubu. Usiku, taa hafifu, mama au mhudumu amechoka, mkono unachukua isiyo yake. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya majeraha makubwa ya macho yaliyoripotiwa kutoka nchi kadhaa za Afrika. Miongozo yake ya 2022 ikairudisha klorheksidini nyuma: ibaki tu pale watu wanapozoea kupaka vitu vyenye madhara kama kinyesi cha wanyama.

Siku hizi mama anaporuhusiwa, muuguzi hana chupa ya kuonyesha. Anafungua nepi, anaikunja chini ya kitovu ili mkojo usikifikie na hewa ipite, anasema nawa mikono, usiweke kitu, ukiona wekundu au usaha au harufu njoo haraka. Ni dakika mbili, na mikono mitupu haivutii kama pamba ya zambarau. Bibi aliyekaa ukingoni mwa kitanda husikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza kwa upole:

"Hata mafuta ya nazi kidogo, mwanangu?"

"Hata hayo, bibi. Mpake mwilini, kitovu ukipite."