Jeanne Bigard, Mfazili wa Mapadri wa Inchi Yetu

Kila padri anajua majina ya wale waliomlea: baba na mama, katekisti aliyemfundisha sala, padri wa parokia aliyemwandikia barua ya kuingia seminari. Lakini yuko mwanamke mmoja wa Ufaransa ambaye kazi yake imewasaidia waseminari wengi sana wa inchi za Misioni, na wengi wetu hatujui hata jina lake. Ni Jeanne Bigard. Inafaa tueleze habari zake, maana shukrani ya mtu asiyejua alichopewa ni maneno ya midomo tu.

Jeanne alizaliwa Coutances, katika jimbo la Normandie, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1859. Baba yake alikuwa mtu wa mahakama. Baba akafa, kisha kaka yake René akafa naye, na Jeanne akabaki peke yake na mama yake Stéphanie. Mali walikuwa nayo, lakini nyumba yao ilijaa msiba. Urisi wa René waliutoa kujenga kanisa la Mtakatifu Fransisko Saveri katika mji wa Kyoto, huko Japani.

Tena ni Japani ambako neno kubwa lilitoka. Wakristu wa inchi ile walikaa zaidi ya miaka 200 bila padri, kwa sababu wakubwa wa inchi waliwafukuza na kuwaua wamisionari. Padri Petitjean alipokutana nao Nagasaki mwaka 1865, walikuwa wangali wakibatiza watoto na kusali kwa siri. Fundisho lilikuwa wazi: mgeni anaweza kufukuzwa siku moja, na wakristu wasio na mapadri wa kwao wanabaki yatima. Lakini Askofu Cousin wa Nagasaki, aliyekuwa na vijana wenye kutaka upadri, hakuwa na feza ya kuwalea. Tarehe 1 mwezi wa sita 1889 aliwaandikia mama Bigard na binti yake, akiwaomba msaada kwa ajili ya waseminari wake.

Wanawake hao wawili hawakutoa masalio ya meza yao. Walijinyima, wakakaa kama maskini, wakafanya kazi kwa mikono yao, wakaandika barua nyingi na kubisha hodi kwa watu. Hivi likaanza, katika mji wa Caen, mwaka ule wa 1889, Shirika la Mtakatifu Petro Mtume. Njia yake ilikuwa rahisi: mfazili anamchukua mseminari na kumlipia masomo, naye mseminari anamwombea mfazili wake. Hawaonani, lakini kila mmoja anamtegemea mwenzake.

Kisha msalaba ukaja. Kwa ajili ya sheria ya mashirika iliyotolewa Ufaransa mwaka 1901, kazi ilihamishwa Fribourg, Uswisi. Mwaka 1903 mama Stéphanie akafa. Mwaka 1904 Jeanne akaiweka kazi katika mikono ya Masista Wafransiskani Wamisionari wa Maria. Halafu yeye mwenyewe akashikwa na ugonjwa wa akili, akaishi hivyo miaka mingi, mpaka alipokufa Alençon mwaka 1934. Wakati yeye alipokuwa amefichwa, kazi yake ilikua. Mwaka 1919 Baba Mtakatifu Benedikto XV, katika barua yake Maximum illud, aliwahimiza maaskofu wa Misioni kuwalea mapadri wenyeji. Mwaka 1922 Pio XI akalifanya Shirika lile kuwa la Baba Mtakatifu mwenyewe.

Tutazame kwetu. Tarehe 21 mwezi wa saba 1917, Askofu Roelens alimpa Stefano Kaoze upadri huko Baudouinville, padri wa kwanza wa Kongo ya siku hizo. Mwaka 1956 Pierre Kimbondo akawa askofu, na mwaka 1966 Aloys Mulindwa akawa Askofu mkuu wa Bukavu. Hatusemi kwamba feza ilifanya hayo yote. Wito ni wa Mungu, na uvumilivu ulikuwa wa watu wengi. Tena padri mwenyeji si mtu wa kujaza tu nafasi ya mgeni. Tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1964, huko Baraka na Fizi, Padri Albert Joubert, mzaliwa wa inchi hii, aliuawa siku moja na wamisionari watatu Wasaveri. Wote wanne walitangazwa wenye heri Uvira mwaka 2024. Hapo mgeni na mwenyeji walitoa damu moja.

Sisi tuliozaliwa Kamituga tunajua neno moja zaidi. Zahabu yetu ilichimbwa na MGL wakati wa Wabelgiji, kisha na SOMINKI tangu mwaka 1976 mpaka miaka ya 1990. Leo wachimbaji wanashuka shimoni kwa mikono yao, na wamama wanatwanga mawe kutwa ili wapate minervali ya watoto. Wako wanaosema: «Ulaya ina mali, iwalipie waseminari wetu.» Maneno hayo yanamsahau Jeanne, ambaye alitoa kwa kujinyima. Mama anayetwanga mawe na kuleta kilo moja ya unga seminarini, huyo ndiye ndugu yake wa kweli. Na kijana akirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, hasara si ya familia yake peke yake. Parokia nzima imepoteza padri wake wa kesho.

Basi deni letu ni la namna tatu. Tumtaje Jeanne na mama yake katika Misa. Tutumie vema kila franka tunayopewa, tukikumbuka imetoka katika jasho la mtu. Na kila mmoja wetu aliyepata upadri kwa msaada wa wengine, amtafute kijana mmoja amsaidie, hata kama kijana huyo hatajua kamwe ni nani aliyemlipia.