Suluba

Suluba ni kazi ya mwili inayodai nguvu kupita kiasi, hata mtu akaishiwa kabla kazi yenyewe haijaisha. Ni nadra neno hili kusimama peke yake. Watu husema kazi ya suluba au kazi za suluba. Kuponda kokoto kwa nyundo, kupakua magunia ya saruji juani, kupandisha mlima mkokoteni uliojaa madumu ya maji: hizo ni suluba. Hesabu ngumu si suluba, hata ikimkosesha mwanafunzi usingizi. Bila jasho neno halikai.

Mzizi wake ni wa Kiarabu. Katika lugha hiyo sulb ni kitu kigumu, na pia ni uti wa mgongo, ambao mchukuzi yeyote atakwambia ndio wa kwanza kulalamika. Kamusi zina pia umbo sulubu, lenye maana ya nguvu na uimara, ingawa maana hiyo leo haisikiki sana. Kwa hiyo nguvu na kinachozimaliza vimekaa katika neno moja. Kitenzi kusulubu ni kutesa au kutumikisha mno. Kwa Wakristo, kusulubiwa ni kuangikwa msalabani. Waandishi wa michezo wamelipunguzia uzito: timu ikifungwa mabao mengi, "imesulubiwa".

Matumizi makini zaidi yako hospitalini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, au mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa henia, huambiwa asifanye kazi za suluba. Hakatazwi kutembea wala kuchemsha chai. Anakatazwa ndoo kubwa, jembe na kinu. Hilo hueleweka papo hapo, bila kutajiwa kilo.

Neno huchanganywa na shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa isiyo na ujira. Shokoa husema nani ameamuru. Suluba husema mwili umebebeshwa nini. Mkulima aweza kupiga suluba shambani mwake, kwa hiari yake.

Lugha ya hukumu nayo hupendelea "kazi ngumu", na pengine ni afadhali, maana hati na mwili haviendi pamoja kila mara. Mwaka 1953, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Alipofikishwa gereza la Lokitaung, kwa kuwa umri ulikuwa umesogea, alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa wenzake.