Mwalimu Mmoja, Madarasa Matano

Katika vijiji vya milimani nchini Kolombia, miaka ya 1960, mtoto wa mkulima wa kahawa aliyeandikishwa shule hakuwa na hakika ya kufika darasa la tatu. Shule nyingi za huko ziliishia darasa la pili. Mwalimu alikuwa mmoja na chumba kimoja. Akiwashughulikia wadogo ubaoni, wakubwa walikaa tu wakingoja zamu yao. Msimu wa mavuno ulipofika, mtoto alikwenda kuchuma kahawa na wazazi wake. Aliporudi alikuta wenzake wameshamwacha mbali, na mwisho wa mwaka akakaririshwa darasa. Wengi walichoka, wakaacha shule.

Mwaka 1961, mkutano wa kimataifa wa elimu uliofanyika Geneva ulijadili namna ya kuziendesha shule za mwalimu mmoja. Kolombia ikafungua shule ya mfano mjini Pamplona, karibu na mpaka wa Venezuela. Mwalimu aliyeisimamia, Oscar Mogollón, alikuwa na swali la mtu wa kazi: nikiwa na darasa la kwanza huku, darasa la nne wafanye nini? Alianza kuwaandikia watoto maelekezo ya kazi kwenye kadi, ili waendelee wenyewe bila kumsubiri.

Katikati ya miaka ya 1970 alijiunga naye Vicky Colbert, mwanasosholojia aliyekuwa katika wizara ya elimu, pamoja na Beryl Levinger wa shirika la misaada la Marekani, USAID. Wakaupanga upya mfumo ule na kuuita Escuela Nueva, Shule Mpya. Kadi zikawa vitabu vya miongozo, na hapo ndipo penye utamu wa historia hii.

Mwongozo haukuandikiwa mwalimu. Uliandikiwa mtoto, kwa maneno ya kumsemesha yeye: soma hiki na mwenzako, jadilianeni, andika kwenye daftari lako, kisha mwite mwalimu aone. Kila somo lilikwenda kwa hatua tatu: kwanza kuanzia kwenye yale anayoyajua tayari, pili kufanya mazoezi, na tatu kuyatumia aliyojifunza nje ya darasa, mara nyingi nyumbani. Anayejifunza kupima, kwa mfano, angeweza kupewa kazi ya kupima shamba la baba yake, na anayejifunza mimea, kumwuliza bibi dawa za miti anazozijua. Watoto wawili watatu walitumia kitabu kimoja, jambo lililopunguza gharama na kuwalazimisha wazungumze.

Aliyekwenda kuchuma kahawa akirudi, aliufungua mwongozo palepale alipoishia. Neno kukariri darasa likakosa kazi.

Chumba chenyewe kikabadilika sura. Madawati ya kutazama ubao yaliondolewa, zikaja meza za kukaa kwa vikundi. Kwenye kona kulipangwa mbegu, mawe, majani makavu na wadudu kwenye chupa, vingi vikiletwa na watoto wenyewe. Ukutani palibandikwa ramani ya kijiji yenye nyumba ya kila mwanafunzi, pamoja na kalenda ya kilimo. Hata kuita majina kuliondoka: mtoto akiingia asubuhi alijiwekea alama mwenyewe kwenye chati ya mahudhurio. Wanafunzi walichagua serikali yao na kamati za maktaba, usafi na bustani. Hawa hawakuwa viranja wa kuandika majina ya wapiga kelele. Walikuwa na kazi halisi za kuzitolea hesabu.

Mtu angedhani mwalimu alipumzika. La. Kazi yake ilihama tu kutoka ubaoni kwenda mezani kwa watoto, na kabla ya hapo ilibidi aende kuiona shule ya mfano ikifanya kazi, kisha akutane na walimu jirani mara kwa mara kusaidiana.

Chama cha wakulima wa kahawa wa jimbo la Caldas kiliuunga mkono mfumo huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya muongo huo serikali iliufanya sera ya taifa, na miaka ya 1990 shule zilizobeba jina hilo zilikaribia 20,000. Utafiti wa UNESCO uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kuwa, ukiacha miji mikubwa, watoto wa vijijini Kolombia waliwashinda wa mijini. Kwingineko Amerika ya Kusini mambo yalikuwa kinyume.

Lakini jina lilienea haraka kuliko vitabu. Watafiti waliozikagua shule hizo walizikuta nyingine zina kibao cha Shule Mpya nje, na ndani hakuna miongozo. Hapo mtoto alibaki na uhuru usio na zana, na mwalimu akarudi kwenye chaki.

Vietnam iliuchukua mfumo huo kwa fedha za wafadhili na kuanza na shule 1,447, kuanzia mwaka wa masomo wa 2012. Safari hii haikuwa shule ndogo ya milimani peke yake. Madarasa yaliyojaa wanafunzi yaliingizwa pia. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba mwalimu hafundishi, watoto wanaachiwa wafundishane, na baadhi ya mikoa ikajitoa. Mwaka 2016 wizara ya elimu ya huko ikatangaza kuwa jambo hilo ni la hiari: shule inayoutaka mfumo iendelee nao, isiyoutaka ichague vipengele inavyoona vinaifaa.