Chuma Kilichobaki

Mpe fundi wa majahazi wa Matondoni, kisiwani Lamu, tezo kuukuu. Hatakuuliza ni ya mwaka gani. Atapapasa makali kwa kidole gumba, atagonga ubapa kwa ukucha asikilize mlio, kisha atapima kwa vidole chuma kilichosalia mbele ya mpini. Hapo bei ameshaipata. Mpini wenyewe hauingii kwenye hesabu, maana huchongwa kwa asubuhi moja. Anachonunua ni miaka ya kazi ambayo bado imo ndani ya chuma.

Marekani hesabu hiyo imepinduliwa. Kampuni ya Stanley ilinunua hataza za randa za Leonard Bailey mwaka 1869, na leo wanaokusanya randa zake hutambua umri wa kila moja kwa tarehe za hataza zilizotiwa kwenye chuma na kwa vijambo vidogo kama umbo la skrubu. Randa ya Namba 5, iliyofanya kazi kuliko nyingine, hupatikana kwa chini ya dola 100. Namba 1, kiranda cha sentimita 14 hivi ambacho mkono wa mtu mzima haupati pa kukaa, huweza kupita dola 1,000, kwa sababu tu walioinunua zamani walikuwa wachache. Ikiwa ndani ya boksi lake la asili, ubapa haujaguswa na kinoo, bei hupaa zaidi. Na ole wake mrithi anayeisugua kwa msasa ipendeze: ameshakula sehemu ya urithi wake. Mimi hapa nasimama na fundi wa Matondoni. Randa isiyowahi kuonja mbao, utajuaje kama feleji yake inashika makali?

Wajapani wako karibu naye zaidi. Randa yao, kanna, huvutwa badala ya kusukumwa, na ubapa wake ni tabaka mbili: feleji ngumu, nyembamba, iliyoungwa kwa moto juu ya chuma laini, ambacho wahunzi wengi walipenda kukitoa kwenye minyororo na nanga chakavu. Kila ukinoa, unaupunguza. Kwa hiyo ubapa wa mhunzi mashuhuri kama Chiyozuru Korehide (1874–1957) humtia mmiliki wake mashakani: akiutumia anautafuna, akiuhifadhi anaunyima kazi uliyofuliwa. Jumba la makumbusho ya zana za useremala la Takenaka, mjini Kobe, lilifunguliwa mwaka 1984 kwa wasiwasi wa namna hiyo hiyo, kwani zana zilizo bora ndizo zilizonolewa mpaka zikaisha.

Kuna randa ambazo hazifuati hesabu yoyote kati ya hizi. Cesar Chelor alikuwa mtumwa mwenye asili ya Kiafrika wa Francis Nicholson, mtengenezaji wa randa za mbao huko Wrentham, Massachusetts. Nicholson alipofariki mwaka 1753, wasia wake ulimwachia Chelor uhuru, benchi la kazi, zana na kipande cha ardhi. Chelor akaendelea na ufundi mpaka alipofariki mwaka 1784, akigonga jina lake na la mji kwenye kichwa cha kila randa. Randa za mbao za zamani zisizo na jina huuzwa kwa bei ndogo. Zake huuzwa kwa maelfu ya dola. Mtu aliyekuwa na bei yeye mwenyewe, sasa jina lake ndilo linalopandisha bei ya gogo.

Tezo zetu hazina muhuri. Nyingi zimefuliwa kutoka kwenye springi ya lori. Niliwahi kumpelekea fundi mmoja mzee tezo ya marehemu babu yangu, nikamwomba anikisie.

“Vidole viwili, mwanangu,” alisema. “Miaka minne, ukiwa huna haraka.”

Nikamuuliza kama anamjua aliyeifua. Akamtaja papo hapo, na baba yake, na mtaa aliokaa, na jinsi alivyokuwa akiwachelewesha watu kazi zao. Bei haikupanda hata shilingi.